Povu la Bwana Ghassan

Kinyozi hajinyoi, husema watu, lakini Bwana Ghassan alijinyoa. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri aliketi mbele ya kioo, nyumbani kwake mtaa wa Langoni, mjini Amu, akajipaka povu. Na kila asubuhi povu lile lilimfia shavuni kabla wembe haujafika kidevuni. Wiki moja alijikata mara mbili. Kinyozi aliyenyoa watu miaka arobaini kutembea mtaani na kikaratasi cha damu shingoni ni aibu, basi siku hizo hakutoka. Na kwa kuwa mkewe, Bi Mahfudha, alikuwa amefariki mwaka wa tatu sasa, na watoto wako Mombasa na Arabuni, siku hizo zilikwisha bila yeye kusema na mtu ila Mola wake.

Asikudanganye mtu kwamba povu ni jambo dogo. Enzi zake, Ghassan alikuwa akikoroga povu ndani ya bakuli, kisha akaligeuza bakuli juu chini, papo hapo juu ya kichwa cha mteja, na lisidondoke tone. Watu walimjia kwa mchezo ule kama walivyomjia kwa wembe. Naye alikuwa na majivuno, tena si haba. "Ni mkono huu na sabuni njema," alizoea kusema, akiunyoosha mkono wenyewe watu wauone. Kisha Mahfudha akafa, na povu likawa jepesi kama maji ya kufulia. Mara ya mwisho alipoligeuza bakuli, lilimmwagikia mteja kwenye kanzu ya Ijumaa. Mteja alicheka kwa adabu, na hakurudi. Wengine nao wakahamia mmoja mmoja kwa Ronald, kijana wa bara mwenye mashine za umeme, ambaye hahitaji povu wala bakuli, na ambaye, tumpe haki yake, humwamkia mzee kila anapopita.

Ghassan alikuwa na maelezo mawili. Mbele za watu alilaumu viwanda: sabuni za siku hizi hazina mafuta, wanatuuzia upepo. Akiwa peke yake aliamini jingine, kwamba mkono wake ulikufa pamoja na mkewe. Hilo hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Ndipo ikaja simu kutoka Faza, mji wa ng'ambo unaofikiwa kwa boti. Alikuwa Bi Mwanamkisi, dada mkubwa wa marehemu Mahfudha. Mjukuu wake, Harith, anaoa, na bibi hataki kusikia habari za mashine. Bwana harusi atanyolewa kwa brashi na wembe, mkekani, mbele ya jamaa, kama Ghassan alivyomnyoa babake Harith siku ya harusi yake. Ghassan akaitikia upesi mno, kwa furaha ya kuitwa. Alipoiweka simu chini, hofu ikamwingia. Akajiapia kwamba povu likimfia mbele ya watu wa Faza, ataufunga wembe na hataushika tena. Na akishaufunga, alijua vizuri, hapatakuwa na sababu ya mtu yeyote kumpigia simu.

Akaenda dukani kwa Khairiya, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo mwema.

"Nipa sabuni ya kunyolea, yenye povu zito."

"Hii ni ya tano wiki hii, Bwana Ghassan," Khairiya akasema. "Waoa?"

Wanawake wawili waliokuwa wakinunua sukari wakageuka kumtazama.

"Naoa wapi mimi. Natafuta povu."

"Na hiyo ndiyo ndia yenyewe ya kwendea harusini!"

Wakacheka wote, naye akacheka nao, na kicheko kile kikamkaa vizuri kifuani. Akabaki pale kuliko sabuni ilivyohitaji. Akanusa hii, akanusa ile, akauliza ipi imetoka wapi, na majibu hakuyasikiliza sana. Alichokitaka ni zile sauti. Lakini duka ni duka. Wateja wakaongezeka, Khairiya akawa na kazi zake, naye Ghassan akarudi kwenye nyumba ambayo hakuna aliyekuwa akimngoja.

Akazipanga sabuni zake tano uani. Akateka maji kwenye kisima cha nyumba, kazi aliyoianza tangu afiwe. Zamani birika lake la kunyolea alilikuta limejaa kila alipoamka. Akapasha maji moto, akaloweka brashi, akachukua tasbihi. Hii ndiyo mizani yake: alijipaka povu mkononi, akavuta punje moja moja, subhanallah, subhanallah, mpaka povu lizame. Shavu moja, likinyolewa kwa utaratibu, linataka punje mia. Sabuni ya tyubu ilizama kwenye punje ya kumi na mbili. Ya kibati, tisa. Ya rangi ya kijani, aliyouziwa kwa sifa nyingi, haikupanda kabisa. Ya kopo, ile ya kubonyeza, ilifika hamsini, lakini Ghassan aliitazama kwa dharau: bwana harusi hapuliziwi usoni kama anayepigwa rangi. Ikabaki ya kijiti, nyeupe, isiyo na harufu ya kujipendekeza. Ikafika punje ishirini. Akaichagua hiyo, kwa kuwa ilipozama ilizama taratibu, na mtu aliyeishiwa huchagua hata namna ya kushindwa.

Siku ya kunyolewa Harith, ua wa Bi Mwanamkisi ulijaa watu. Kijana aliketi mkekani, shuka nyeupe mabegani, akijikaza asicheke. Afra, dadake bwana harusi, akaleta maji moto kwenye birika na kuyaweka mbele ya kinyozi. Ghassan akapiga bismillahi, akalowesha brashi, akaanza kukoroga. Moyoni alikuwa akihesabu. Kumi. Kumi na tano. Alipofika ishirini akaangalia bakulini, tayari kwa fedheha yake.

Povu lilikuwa linapanda. Lilikuwa jeupe, zito, limejaa hadi ukingoni, na lilikuwa bado halijatosheka. Akakoroga tena, likazidi kukaza. Hesabu ikampotea. Mkono ukamtangulia akili, akaliinua bakuli na kuligeuza juu chini, juu ya kichwa cha Harith.

Halikudondoka tone. Vigelegele vikapasua ua.

Alimnyoa kijana yule kwa raha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka mitatu. Wembe ulipita shavuni bila kusita, na povu likamngoja. Alipomaliza, wanaume wawili wakajitupa mkekani wakitaka na wao. Bwana harusi akajipapasa mashavu, akauliza, "Babu, sabuni gani hii?"

Hapo Ghassan akawa Ghassan. Akainua kile kijiti wote wakione. "Hii hapa! Yauzwa Langoni. Nalijaribu tano, hii nikaijua mara moya." Kisha akaongeza, akiunyoosha mkono wake, "Lakini sabuni bila ya mkono ni bure."

Watu wakapiga makofi. Bi Mwanamkisi peke yake alitabasamu bila kupiga.

Baada ya sala na chakula, Ghassan alikuwa akifunga vifaa vyake Bi Mwanamkisi alipomjia akiburura jerikeni la manjano, limejaa.

"Chukua, shemeji. Utapata ya mwezi mzima."

"Kitu gani?"

"Mai ya jabia, ndiyo ulokorogea povu leo." Alimaanisha lile tangi kubwa nyuma ya nyumba, linalokinga maji ya mvua. "Sabuni yako haipatani na kisima cha Amu. Kina munyu kama bahari."

"Nani kakwambia?"

"Mahfudha," akasema Bi Mwanamkisi. "Kila Alkhamisi nalikimpelekea jerikeni moya kwa boti. Akenda mwenyewe kulipokea gatini, akakujazia birika lako. Miaka thalathini hiyo. Mimi nalidhani wajua."

Ghassan akaketi mkekani. Lile birika alikuwa akilikuta limejaa kila asubuhi, na hata siku moja hakufikiri kwamba kuna aliyelijaza.

"Mbona hakunambia?"

"Nalimshikilia akwambie. Akasema, 'Mume wangu akisifiwa mkono wake hufurahi, nami napenda kumuona akifurahi. Siku moya ataniuliza mai haya yatoka wapi, nami nitamwambia.'" Mwanamke akamtazama. "Kwani hukumuuliza?"

Nje vijana walikuwa wakiimba, na mtu alikuwa akilitaja jina la Ghassan kwa sifa.

"Sikumuuliza," akasema.

Miaka mitatu alikuwa amemlilia mkewe kwa kuwa yeye mwenyewe amebaki peke yake. Siku ile, mbele ya shemeji yake, alimlilia kwa sababu Mahfudha alikaa naye miaka thelathini akilingojea swali moja, na akafa halijaulizwa.