Injini Iliyokunywa Oili Njia ya Bukene

Tulikwenda Bukene kwa ajili ya jicho la Bibi. Bibi mzaa mama ana mtoto wa jicho, na alitakiwa kufika hospitali Tabora Jumatatu asubuhi, kwa sababu daktari wa macho hukaa siku chache tu kisha anaondoka. Treni inapita Bukene, lakini Bibi alikataa kuipanda. "Nina mume mwenye gari," alisema kwenye simu, "nisafiri na treni kama mjane?" Mume huyo ni mimi, Maganga, mjukuu wake. Gari ni la Mjomba Lukas. Na mjane ni yeye kweli, lakini hakuna aliyemkumbusha.

Ninaandika kwa ajili ya ndugu zangu wa nyumbani Ntalikwa, karibu na Tabora. Wamekwisha kuisikia safari hii kutoka kwa Mjomba, na katika masimulizi yake yumo fisi ambaye mimi sikumwona.

Jumamosi asubuhi, Ntalikwa. Kwanza nilieleze gari. Ni gari dogo la familia, la petroli, silinda nne, ujazo wa lita moja na pointi nane. Bloku ya injini ni ya alumini, kwa hiyo ni nyepesi. Haitumii mkanda wa taimingi bali cheni, na kila plagi ina koili yake. Fundi Hamisi, ambaye ninashinda gereji kwake mjini tangu nilipomaliza darasa la saba, anaisifu kwamba inawaka haraka, haili petroli nyingi na cheni yake hudumu miaka. Akishaisifu anaanza kutaja magonjwa yake. Koili moja ikifa, injini inatetemeka. Njia ya hewa ikichafuka, gari linazimika likisimama. Ugonjwa mkubwa ni kunywa oili. Vipete vya pistoni, vile vinavyokwangua oili kwenye ukuta wa silinda, huganda kwa masizi. Oili inapanda juu na kuungua pamoja na petroli. Haivuji chini, na moshi wake ni mdogo, ndiyo maana mwenye gari huambiwa asiamini.

Mjomba hakuamini. "Injini yangu si mlevi," alimwambia Fundi. Basi Fundi akaniita pembeni na kunipa dumu la oili la lita moja. "Kila mkijaza petroli, pima," alisema. "Mjomba wako hasikii, wewe angalau una macho." Nililiweka nyuma ya kiti. Mjomba aliliona, akalitoa, akaliacha barazani. Alisema haendi kwa mama yake na gari linalobeba dawa kama mgonjwa. Nilifungua mdomo. Mjomba akawasha gari, nami nikaufunga.

Saa tatu tulipita Puge, tukanunua karanga. Mjomba aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa wa karanga na wa kuwapungia watu ambao sidhani anawajua.

Nzega tulijaza petroli. Mjomba alikutana na mtu aliyesoma naye, wakaanza kusalimiana: watoto, wazazi, mpunga, mbuzi. Nilisimama mbele ya boneti na kitambaa mkononi, nikingoja wamalize nimwambie kwamba tupime oili. Walipofika kwenye mbuzi wa pili Mjomba aligeuka. "Maganga, kitambaa cha nini?" Nikapangusa kioo, ingawa kilikuwa safi.

Mchana, Bukene. Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Alinishika uso kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huyo mwanamke wa mjini hakulishi?"

"Sina mwanamke, Bibi."

"Ndiyo maana umekonda."

Jumapili baada ya ibada tuliondoka, Bibi kiti cha mbele, mimi nyuma na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuku mmoja. Barabara ya kwenda Nzega ni ya vumbi, ina kona. Kwenye kona ya kwanza niliona taa nyekundu yenye umbo la birika ikiwaka mbele ya Mjomba na kuzimika. Hiyo ni taa ya oili. Oili ikiwa ndogo, kwenye kona hukimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Nilijua hivyo, na nilinyamaza. Mjomba alikuwa katikati ya hadithi. Kona ya pili ikawaka tena, ikachelewa kuzimika.

"Mume wangu," Bibi alisema, "mbona umenyamaza?"

"Mimi hunyamaza siku zote, Bibi."

"Huo ni ukimya mwingine. Huu hauna pumzi."

Nikasema, "Mjomba, zima gari."

"Kuku ana nini?" Mjomba aliuliza.

"Si kuku, ni mume wangu," Bibi alisema. "Zima, Lukas."

Tulisubiri kidogo, nikachomoa kijiti cha kupimia. Kilikuwa kikavu, nchani tu palikuwa na tone moja jeusi. Mjomba aliinama kuangalia chini ya gari. Ardhi ilikuwa kavu.

"Imekwenda wapi?"

"Imeungua, Mjomba."

Bibi aliteremsha kioo. "Babu yangu alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi pwani, na njia nzima alikunywa maji. Hili lenu linakunywa nini?"

"Oili, Bibi."

"Na mmelinyima."

Mjomba alitaka twende polepole hadi Nzega. Hapo nilisema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia: "Tukiwasha hivi, pistoni zinakwama, injini inakufa, na kesho Bibi hafiki hospitali." Mjomba alinitazama kama mtu aliyesikia mlango ukiongea. Kisha akampa Bibi funguo azishike.

Nilitembea hadi senta iliyokuwa mbele. Duka lilikuwapo, na vijana wa pikipiki watatu mlangoni. Nilisimama hapo. "Huyu bubu anauza nini?" mmoja aliuliza. Siku nyingine ningerudi. "Nataka oili ya injini, lita mbili," nilisema. Ilikuwapo ya pikipiki tu, nzito kidogo, lakini Fundi husema nzito ni afadhali kuliko kavu. Yule aliyeniita bubu ndiye aliyenirudisha kwa pikipiki yake, na njia nzima hakunyamaza.

Tulimimina, tukangoja, tukapima hadi ikafika kati ya alama mbili. Taa ilizimika, haikurudi. Nzega tulipima, Puge tulipima, na kitambaa alishika Mjomba. Tuliingia Tabora jua likiwa bado lipo, na Jumatatu asubuhi Bibi alikuwa wa tatu kwenye foleni.

Nilichojifunza ni kwamba taa ile haingoji mtu amalize kusalimiana.

Wiki iliyofuata, Ntalikwa. Bibi alikuwa amefunguliwa bandeji, na Mjomba alitaka kumrudisha Bukene. Dumu lilikuwa nyuma ya kiti. Nilichomoa kijiti, Bibi akakichukua mkononi mwangu, akakiinua kwenye mwanga na kukitazama kwa jicho jipya kwa muda mrefu.

"Lukas," alisema, "imeshuka."