Mihuri Mitano ya Zahanati
Mradi wa kuimarisha huduma za afya uliiletea zahanati mihuri mitano: wa mkuu wa kituo, wa mganga, wa mtunza dawa, wa karani na wa mkaguzi. Wafanyakazi wenyewe, tuliambiwa, wako njiani. Mpaka leo wako njiani.

Basi muuguzi, aliyeko peke yake miaka kumi na mmoja, huigonga yote. Hata kidonge cha kichwa hakitoki bila mihuri mitano.

Juzi aliomba likizo. Karani, yaani yeye, akaipokea barua. Mkuu wa kituo, yaani yeye tena, akaisoma, akaguna, akaikataa.

"Mama watoto, umejinyima mwenyewe?" mumewe akamaka.

"Sasa ningefanyaje? Wafanyakazi wote watano waondoke siku moja?"