Babu Aliyebatizwa Akiwa Kaburini

"Wafu wote wa ukoo huu ninao hapa!" Shangazi alitamba kwenye harusi ya mdogo wake, kipaza sauti mkono mmoja, mkono mwingine ukigonga kichwa. "Jina, mwaka, na ugonjwa uliomwondoa. Anayebisha asimame!"

Hakusimama mtu. Miaka thelathini karani wa masjala ya hospitali. Nani abishane na kabati la mafaili lenye miguu?

Basi mwanawe, fundi umeme, alipojiunga na Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale tunaowaita Wamormoni, akaja na daftari kuomba majina ya wazee. Shangazi alimtajia vizazi vinne bila kumeza mate.

"Hata babu nimpeleke, mama?"

"Mpeleke popote, mwanangu. Wamjue!"

Alidhani ni orodha ya ukoo ya kubandika ukutani.

Babu yetu, baba yake Shangazi, alikuwa fundi saa. Alimwomba Mungu kwa njia yake, dukani, mlango umefungwa. Kila aliyemjia na habari za ubatizo alipewa kiti, chai, na hapana. Alipozidiwa na ugonjwa alimshika Shangazi mkono: "Nikishindwa kusema hapana, nisemee wewe." Shangazi akaahidi.

Mwezi uliopita fundi umeme alirudi kutoka hekaluni, anang'aa kama sufuria mpya.

"Mama, babu kabatizwa!"

"Babu yupi?"

"Baba yako. Nimezamishwa mimi, kwa niaba yake."

Shangazi alikaa sakafuni, na kiti kipo hatua moja tu. Naishi naye tangu niache chuo na kuipa diploma yangu talaka, sijawahi kumwona akikaa chini. Nikajaribu utani: "Si aliyelowa ni huyu? Babu mkavu."

"Hajalazimishwa, mama. Tunaamini huko aliko anaweza kukubali au kukataa. Yuko huru."

"Alikuwa huru hapa! Mtu akatae mara ngapi ndiyo mjue amekataa?"

"Lakini ruhusa ulinipa wewe."

Aliyeahidi kusema hapana ndiye aliyesema ndiyo.

"Lifuteni jina," alisema mwishowe.

Mwanawe, macho chini, akasema kwa ajuavyo yeye kilichoandikwa hakifutwi. Hilo karani analijua: karatasi haichomolewi kwenye faili, inaongezwa nyingine juu yake.

Kesho yake tulikwenda kwa mchonga mawe. Maneno ya kaburi Shangazi aliyaandika mwenyewe: ALIULIZWA AKIWA HAI. ALIKATAA.

Kuchonga herufi moja ni shilingi elfu mbili; hakupunguza hata moja.