Siku Shangazi Somoe Alipoitwa Mumiani

Nilipokuwa mtoto, kijiji chetu cha Nandagala, Ruangwa, kilikuwa na banda moja la video, na kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri watoto wote tuliishia humo. Lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta linanguruma nyuma. Wakubwa walikaa kwenye mabenchi, sisi chini mkekani. Mwaka ule tulishikwa na tamthilia moja ya Kizungu, ya wanyonya damu na mashetani. Lugha hatukuijua, ila kulikuwa na mtu wa mjini aliyeitafsiri kwa kuweka sauti yake juu ya sauti za waigizaji. Mnyonya damu alimwita mumiani.

Jina hilo tulilijua. Bibi zetu walitutisha nalo tangu tulipoanza kutembea: usiingie porini peke yako, mumiani watakukamata wakukamue damu. Siku wauguzi walipokuja shuleni kutupima malaria, nusu ya darasa letu ilitorokea dirishani. Lakini hakuna aliyewahi kumwona mumiani kwa macho. Sasa tukaonyeshwa.

Sehemu ninayoikumbuka ilimhusu mjane aliyeingiwa na shetani. Mchana alilala na madirisha kayafunga, maana jua lilimuumiza. Macho yake yalikuwa mekundu. Kila nyumba aliyoingia ilibaki na vumbi la njano lenye harufu ya kiberiti, na asubuhi mtoto wa nyumba hiyo alikutwa hana damu. Yule mtafsiri, kwa mazoea yake ya kuchekesha, akaongeza ya kwake: "Msidhani hawa wapo Ulaya tu. Kule Ruangwa kwenye korosho ndiyo wamejaa."

Banda zima lilishangilia kwa kutajwa kwetu. Na mimi, mtoto wa miaka tisa, nikasema kwa sauti, "Kama shangazi Somoe."

Walicheka sana. Nilijisikia mtu mkubwa.

Shangazi Somoe alikuwa dada wa baba. Mumewe alipofariki alimwachia shamba la mikorosho waliyoipanda pamoja, na bomba la kupulizia dawa. Wajane wengine waliajiri vijana. Yeye alilibeba mwenyewe mgongoni, akapulizia shamba lake na hata mashamba ya watu wengine. Salfa, ile dawa ya mikorosho ya unga wa njano unaonuka kiberiti, hupuliziwa alfajiri, umande ungali majanini, ili vumbi lishike. Kwa hiyo alitoka kabla ya jua, akarudi wakati watu ndiyo wanakwenda shamba, mwili mzima njano na macho yamemwiva. Mchana alilala, kajifunika kanga usoni kwa sababu mwanga uliyachoma macho yake. Mimi ndiye niliyemfulia nguo zake za kazi. Hakuna mtoto pale aliyeijua salfa kuliko mimi.

Wiki mbili hivi baada ya Jumamosi ile, mjukuu wa Mzee Nangoma aliugua. Nangoma alikuwa kaka wa marehemu mume wa shangazi, na uwanja wake ulipakana na wa shangazi. Mtoto mwenyewe alikuwa wa miaka mitatu. Viganja vyake vilikuwa vimepauka, na hata nguvu ya kulia hakuwa nayo. Badala ya kumkimbiza hospitali, Nangoma alikusanya watu uani kwa shangazi. Ilikuwa saa moja asubuhi. Shangazi ndiyo kwanza alikuwa anarudi, hajanawa hata uso.

Nangoma hakumsemesha. Aliniita mimi.

"Zuhura, njoo hapa. Ulisema nini kule bandani?"

Nilimtazama baba. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono kaiweka nyuma.

"Sema, mjukuu wangu, usiogope," Nangoma akasema kwa upole. Upole ule unanichemsha mpaka leo kuliko matusi yoyote niliyowahi kutukanwa.

"Nilisema kama shangazi."

"Nani aliye kama shangazi?"

"Mumiani."

Watu wakaguna. Shangazi hakuwageukia wao, alinigeukia mimi. "Zuhura, mwanangu, hii ni salfa. Si umenifulia nguo jana tu? Waambie."

Nilifungua mdomo. Nangoma akaniwekea mkono begani, mkono mzito, nami nikaufunga. Ndipo shangazi akamtazama baba.

"Kaka, na wewe?"

"Tutulie kwanza," baba akasema. "Tuzungumze."

Baada ya hapo hakuzungumza kitu.

Waliimwaga salfa yake chini, bomba wakalivunja kwa shoka, wakamwambia alasiri isimkute pale. Hakulia mbele yao. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akapanda pikipiki ya kukodi, akaenda kwa ndugu zetu wa Mkotokuyana, upande wa Nachingwea. Nilisimama nyuma ya choo nikimwangalia mpaka vumbi likatua.

Kesho yake ndipo mtoto alipopelekwa hospitali. Ilikuwa malaria, na damu ilikuwa imempungukia sana. Akaongezewa damu, na haikupita muda akawa anakimbiza kuku uani. Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani sasa shangazi ataitwa arudi. Nilisubiri. Kila gari lililotoka Nachingwea nililitolea macho. Hakuna aliyemwita. Korosho zilipoanza kuanguka, Nangoma na wanawe waliziokota shamba zima. Mwaka uliofuata alinunua bomba jipya, akapulizia mikorosho ile mwenyewe. Macho yakamwiva, akawa analala mchana kajifunika taulo usoni. Watu wakampa pole ya kazi.

Ilinichukua miaka mingi kupata ujasiri wa kwenda Mkotokuyana. Nilikuwa nimeshaolewa Nachingwea mjini, nina watoto wawili. Nilimkuta shangazi anapepeta ufuta kibarazani, nywele zimekuwa nyeupe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nilijua ni wewe tangu njiani, unatembea kama bibi yako."

Nilimweleza yote, la bandani na la mkono wa Nangoma. Nilipomaliza akauliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Basi nawa mikono, ule."

Tulikula. Wakati wa kuondoa vyombo akaniuliza kama baba ndiye aliyenituma. Nikasema hapana.

"Haya," akasema. "Akija mwenyewe nitamsikiliza."

Nilimpelekea baba maneno hayo. Akasema walikuwa wengi, angefanya nini. Nikamwambia walikuwa watu kumi na mmoja, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakila nyumbani kwetu kila Idi. Akaniuliza kama mvua imeshanyesha Nachingwea. Mpaka leo hajaenda.

Yule mtafsiri nina hasira naye, ingawa najua alitaka kuchekesha tu, na huenda hakuwahi hata kufika huku kwetu. Nina hasira zaidi na Nangoma. Yeye sidhani kama aliamini hata kidogo kwamba shemeji yake ni mumiani. Siku mbili tu kabla ya kumfukuza alikuwa amemtuma mkwewe akaombe chumvi kwa shangazi, na chumvi ile waliila.

Watu ninaowasimulia huniambia nilikuwa mtoto, nisijitese. Ni kweli, na ndiyo maana Nangoma aliniita mimi. Mtu mzima angelitamka neno lile, angeulizwa amelitoa wapi na anataka nini kwa yule mwanamke. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nimeshamsamehe yule mtoto wa miaka tisa. Baba yangu siku ile alikuwa na miaka arobaini.