Baiskeli Iliyonizidi Kimo

Kwa muda mrefu nilikana, lakini kweli baiskeli ile ilinizidi. Baiskeli za mitumba zilipoanza kumiminika Songea, niliamua kurudi kwenye mashindano ya baiskeli niliyoyaacha chuoni, sasa nikiwa mama wa makamo. Muuzaji aliniona nikiishika baiskeli ndefu, akanisogezea fupi ya kike.

"Mama, hiyo nyingine hutaiweza."

"Nimeshindana chuo kikuu, mwanangu," nikamjibu, nikainunua ile ndefu.

Nyumbani nilipandia kwenye ukingo wa baraza na kushukia hapo hapo. Ofisini siri hiyo sikuitoa, maana nilitaka kuiwakilisha idara yetu kwenye mashindano ya mkoa.

Siku ya mchujo niliongoza hadi mwisho, mtaa wa Bombambili. Mwisho wenyewe ulikuwa uwanja usio na baraza hata moja. Wenzangu wakapiga vigelegele. Nikawapita, uso nimeukaza, nikitafuta baraza. Nilichopata ni ukuta wa kanisa. Nikaukumbatia nikiwa bado juu, miguu inaning'inia, nikiogopa kuanguka mbele ya waumini.

Sista mmoja alinitazama kwa huruma, akaniomba namba ya mkuu wangu, akaingia ofisi ya parokia kupiga simu. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia.

"Halo, Mkuu wa Idara? Mshindi wenu yuko hapa parokiani, ameshindwa kushuka. Leteni mtu amshushe. Na huko mkoani, baba, tumeni mwenye miguu inayofika chini."