Mwenye Landrova Alikuwa wa Kibosho

Landrova ile niliikuta nyuma ya gereji moja ya Moshi mjini, haina milango, kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. Nilikuwa nimestaafu ualimu mwaka uleule. Miaka mitatu tuliitengeneza mimi na fundi wangu: bodi ikanyooshwa, injini ikafumuliwa na kufungwa upya, ikapigwa rangi ileile ya kijani tuliyoikuta chini ya kutu. Siku ilipowaka, majirani walitoka kuipiga picha, nami nikavimba kichwa.

Sifa za mtaani hazikunitosha. Nilitaka kusifiwa na aliyekuwa nayo kabla yangu. Kadi ya zamani ya gari ilikuwa na jina la mtu na sanduku la posta la parokia moja ya Kibosho. Jumapili moja nikapanda nayo huko, nikasubiri misa ya pili iishe, nikamwuliza katekista.

Alilitazama gari, kisha akanitazama mimi. "Mwenyewe tulishamzika zamani. Wagonjwa wote wa huku aliwateremsha yeye hospitali, hata njia ikiwa tope tupu. Mjane wake yuko Mabogini."

"Mabogini? Amehamia kwa watoto?"

"Hawakujaliwa watoto," alisema, akaingia sakristia.

Hapo ningepaswa kuelewa. Mwanamke aliyeolewa kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa kule mlimani, hateremki tambarare ya Mabogini kwa hiari yake. Lakini nilikuwa na haraka ya kuonyesha gari.

Nilimkuta kwenye majaruba, amekunja kanga hadi magotini, anapandikiza mpunga katika shamba la kukodi. Aliposikia mlio wa injini aliinuka kabla hata sijatokeza. Nikamwamkia, shikamoo mama. Hakuitikia. Alikuja ukingoni taratibu, tope likimchuruzika miguuni, akasimama mbali na gari kama mtu anavyosimama mbali na mbwa asiyemjua.

"Waliichukua siku ya tatu baada ya mazishi," alisema hatimaye. "Shemeji zangu. Kwanza gari, kisha ng'ombe, kisha nikaambiwa kihamba ni cha ukoo na mimi sikuuzalia ukoo. Wewe umeinunua kwao?"

"Kwa dalali, mama. Sikujua."

"Sasa umejua. Ndiyo umeniletea niitazame?"

Nikamwuliza nimfanyie nini.

"Nipeleke kaburini kwake. Nikienda kwa miguu wananifukuza getini. Nikifika na wewe, mtu mzima mwenye heshima zako, labda wataona haya."

Jumamosi iliyofuata alipanda pembeni yangu, amevaa kitenge kipya, amepakata maua. Njia nzima alisema neno moja tu. Tulipofika kona moja yenye mteremko mkali alisema, "Hapa alikuwa anapiga honi." Nikapiga honi.

Shemeji yake mkubwa alitoka getini amekunjua mikono, lakini alilikunjulia gari. "Ya kaka hii! Imefufuka!" Alilizunguka, akapapasa boneti, akawaita wa nyumbani waje waone. Kisha akanigeukia mimi. "Karibu ndani, mzee mwenzangu, mbege ipo." Mjane, shemeji hakumtazama hata usoni alipomwambia, "Wewe subiri hapo nje. Yako tutayazungumza baadaye."

Ningeweza kukataa. Nilijiambia nitakunywa kidogo, nimlainishe, halafu nimwombee yule mama. Ukweli ni kwamba yule bwana alikuwa ananisifu, na sifa ndizo nilizokuwa nazitafuta tangu mwanzo. Nilipokea kata ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, nikaeleza nilivyohangaika kupata giaboksi, wakacheka, ikaja kata ya pili. Kaburi lilikuwa palepale, hatua chache kutoka kwenye benchi la uani tulilokalia, chini ya migomba, limeota majani. Nililiona. Nikaendelea na habari za giaboksi.

Nilipotoka, mama hakuwepo. Maua alikuwa ameyalaza chini, nje ya geti. Niliteremka polepole hadi kwenye lami nikimtafuta kila upande wa barabara, sikumwona.

Baada ya wiki mbili nilikwenda Mabogini kwa basi, nimebeba jani la isale. Kwetu Uchaggani anayeomba msamaha hulipeleka jani hilo, na anayepelekewa hakatai. Alilipokea kwa mikono miwili, mlangoni, bila kunikaribisha ndani.

"Nimekusamehe, kwa sababu mila hainiruhusu kukataa," alisema. "Wale walitaka mali, nawaelewa. Wewe hukuwa na shida yoyote na mimi. Uliniacha getini kwa kata ya mbege. Usirudi tena."

Akaurudisha mlango taratibu, bila kuubamiza.

Landrova bado ninayo. Watu huniomba niwabebee maharusi, nami huwabebea. Wakiuliza ilikuwa ya nani zamani, mimi hubadilisha mazungumzo.