Baridi Ilipofika Mikononi

Miguu ya mama mkwe ilikuwa baridi tangu siku dobi alipoolewa katika nyumba ile. Daktari aliwahi kusema kuwa damu haifiki vizuri vidoleni, ni mishipa ya uzee. Wajukuu wakampachika jina la Bibi Friji, naye akalipokea kwa kicheko. "Mkinisumbua nitawawekea miguu mgongoni," aliwatisha, nao wakatimua mbio.

Kila asubuhi, kabla hajagusa shuka hata moja la nyumba ya wageni, dobi alipitisha pasi juu ya vipande viwili vya flana, akamfunga bikizee miguu vikiwa bado na moto. Mama mkwe naye alimlipa kwa mikono. Mikono yake, ajabu, ilikuwa na joto la mkate uliotoka tanurini. Alimkalisha dobi kwenye kigoda, akamkanda bega la kulia, lile lililochoka kusukuma pasi. Hawakuwa watu wa kuambiana maneno matamu. Flana na bega vilitosha.

Kisha bomba la mtaani likatoa maji yenye rangi ya kutu, na tumbo la kuhara likaingia nyumba baada ya nyumba. Mama mkwe lilimshika jioni. Kulipokucha alikuwa amevuka ua mara nyingi, akiinama chini ya kamba za nguo kuelekea chooni, mkono ukutani.

"Mama, kunywa maji."

"Ninywe ili iweje? Nikinywa naongeza safari. Na anayefua nguo zangu ni nani, si wewe huyo huyo?"

Dobi aliweka kikombe chini. Alikuwa amechoka, uchovu ule unaokaa kwenye mifupa na hauondoki kwa usingizi. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini. Mashuka yalisubiriwa kabla ya jioni. Ndani ya moyo wake alishukuru kidogo kwamba bikizee amekataa maji, na shukrani hiyo ndiyo iliyokuja kumchoma kama mwiba.

Adhuhuri safari za uani zilikoma. "Tumbo limetulia," alijiambia. Aliingia chumbani, akashika miguu. Baridi. Basi, si ndiyo miguu yake? Akapasha flana tena, akamfunga hadi kwenye ugoko. Alipokuwa bado ameinama, mama mkwe alinyoosha mkono kulitafuta lile bega, kama ilivyokuwa desturi yake.

Dobi aliruka. Kilichomgusa shingoni kilikuwa kama kitambaa kilicholala kwenye beseni la maji.

"Mama, mikono yako!"

"Imefanyaje?" Sauti ilitoka mbali. Midomo ilikuwa imekauka, macho yamezama.

Mkokoteni wa nguo ulikuwa mlangoni, umejaa mashuka yaliyonyooshwa. Dobi akamlaza juu yake, akasukuma.

"Nitakuchafulia mashuka ya watu," bikizee alinong'ona.

"Nyamaza, mama."

"Kumbe leo nguo chafu ni mimi."

Dobi alicheka, kicheko kikamgeukia kilio, naye hakuacha kusukuma.

Kwenye zahanati, muuguzi alishika miguu, akashika mikono, kisha akabana ukucha wa kidole hadi ukawa mweupe, akauachia. Weupe ukabaki. Wekundu ulirudi kwa uvivu, kama mtu asiyetaka kuamka.

"Amekojoa lini mara ya mwisho?"

Dobi hakujua. "Miguu yake ni baridi siku zote," alijitetea.

"Na mikono je?"

Dobi akaanza kufungua flana miguuni mwa mama mkwe.

"Kuhara kunakausha maji mwilini, na damu nayo inapungua. Hiyo kidogo iliyobaki, mwili unainyima mikono na miguu ili uulishe moyo na ubongo. Huyu hakuhitaji flana, dada. Alihitaji maji."

Hakusema kwa ukali. Naye alikuwa hoi, ilionekana kwa jinsi alivyoegemea ukuta akitafuta mshipa. Mshipa ulijificha. Alijaribu mkono huu, akahamia ule, na dobi akakaza macho kwenye sindano. Mwishowe damu ikachungulia, na matone ya dripu yakaanza kushuka.

Jua lilipolegea, dobi alikuwa sakafuni kando ya kitanda, kiganja cha bikizee ndani ya vyake viwili. Nje, mashuka yalikuwa yamekunjamana kwenye mkokoteni, yote ya kufuliwa upya. Joto lilirudi polepole, kiganjani kwanza, halafu likatambaa vidoleni. Miguu ilibaki baridi kama siku zote.

"Umechoka, mwanangu."

"Nimechoka, mama." Hakuona sababu ya kukana. Akainua kikombe cha maji yaliyochanganywa chumvi na sukari. "Kunywa."

"Nitaenda tena chooni."

"Nenda. Nitafua."